Nampeleka mama Mombasa kwa mara ya kwanza: tutembee wapi, tule nini?

Kifungua Mimba wa Molo

Habari zenu wadau. Mama yangu amelima viazi na pareto huku Molo maisha yake yote, na bahari hajaiona ila kwenye kalenda na runinga. Shule zikifungwa Agosti tunakwenda Mombasa: yeye, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka kumi na mwingine sita. Tumepata nyumba ya kupanga Nyali, na tutashuka kwa treni ya SGR.

Sitaki tukae kando ya kidimbwi cha kuogelea siku zote. Nataka mama auone mji wenyewe, na ale chakula cha pwani kama wanavyokila wenyeji. Shida ni magoti yake. Kutembea anatembea, lakini ngazi na jua la mchana vinamchosha haraka. Pilipili nayo haiwezi. Mfuko wetu ni wa kadiri, mlo mmoja wa mkahawa wa bei tunaumudu, si zaidi.

Nielekezeni: asubuhi twende wapi, mchana tule nini, jioni tukae wapi? Na Fort Jesus itamfaa mtu wa magoti?

Bint Kibokoni

Karibuni sana, na mama mfikishie shikamoo yangu. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, Kibokoni, na kila msimu nawaona wageni wakishushwa na mabasi ya hoteli penye lango la Ngome, yaani Fort Jesus, wanapigana picha, adhuhuri haijafika washarudishwa ufukweni. Huniuma, kwa sababu wameondoka bila kula na bila kukaa. Mji huu una saa zake. Mkizifuata, mama atauona wote na hatachoka.

Tuanze na asubuhi. Tokeni Nyali mapema, vukeni daraja mkiwa na njaa. Mahamri yataka yaliwe yakiwa na moto, na kufika saa nne mengi yamekwisha. Yanunueni kwa akina mama wanaokaanga mbele yenu, muyale na mbaazi za nazi. Hamri zuri lanukia iliki kabla hujalitia mdomoni, na ukilipasua ndani lina uwazi wa kuchotea mbaazi. Mbaazi zetu hazina ukali mwingi, pilipili hukaa kando, kwa hiyo mama atakula kwa raha. Watoto wapeni na vitumbua. Chai ya maziwa ipo, lakini mwambie mama aonje mkandaa, chai kavu iliyotiwa viungo.

Saa mbili Ngome inafunguliwa. Ingieni hapo hapo. Pale kati ni uwanja wazi, na ikifika saa tano kuta zimeshika joto na kivuli ni cha kutafuta. Kuhusu magoti: mlangoni pana mpando wa mawe, mshike mkono taratibu, kisha ndani kwenye uwanja ni tambarare. Ngazi za kupanda juu ya kuta waachie watoto na baba yao. Mama aende kwenye makumbusho, atazame vyombo vilivyotolewa kwenye merikebu ya Wareno, Santo António de Tanna, iliyozama hapo chini ya Ngome mwaka 1697. Na msiukose ukumbi wa Mazrui, wenye mabaraza ya mawe na maandishi ya Kurani yaliyochongwa kwenye boriti.

Mwelezeeni mnapotembea, maana bila hadithi yake ile Ngome ni mawe tu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu, na waliokuwa ndani waliuawa na njaa na maradhi kuliko mizinga. Waingereza walipokuja wakaigeuza jela, ikabaki jela hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1960, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mimi nina majirani wazee ambao wazazi wao waliipita ile jela kila siku wakienda sokoni. Ndiyo maana twataka wageni waijue, wasiishie picha za langoni.

Mkitoka, shikeni Ndia Kuu kwa miguu. Si mbali, na barazani pa kupumzika hapakosekani, ukiomba ukae hakuna atakayekukataza. Tazameni milango ya nakshi na roshani za mbao zilizoning'inia juu ya njia. Mbele mtauona Msikiti wa Mandhry, inasemekana ulijengwa 1570, na mnara wake mweupe ni wa kipekee, umenenepa chini na kwenda ukipungua juu. Mkeo na mama wajitande leso tu, yatosha. Picha za watu na za ndani ya nyumba, ombeni kwanza. Hapa ni kwa watu, wanaishi.

Mchana msirudi Nyali, mtapoteza siku kwenye foleni. Kama ni Ijumaa, jueni maduka ya Mji wa Kale hufungwa wakati wa swala, lakini baada ya swala ndipo chungu cha biriani hufunuliwa. Biriani yetu wali hupikwa kando na nyama na rojo lake kando, kisha rojo humwagwa juu ya wali kwenye sahani. Mama akisita, mwambie ule wekundu ni wa nyanya na vitunguu vya kukaanga, si pilipili. Siku nyingine agizeni samaki wa kupaka na wali wa nazi. Samaki huchomwa makaani, halafu hupakwa tui zito lenye ndimu mpaka lishike juu yake. Kwa mtu aliyekula samaki wa ziwani maisha yake yote, hicho ndicho chakula cha kumpa kwanza.

Alasiri pumzikeni kidogo barazani, kama sisi. Jioni nendeni Lighthouse, pale Mama Ngina. Paliboreshwa mwaka 2019, njia zimesawazishwa na viti vipo tele. Mibuyu mikubwa ile ilikuwepo kabla ya wote tuliopo. Mtanunua muhogo wa kuchoma au wa kukaanga uliopasuliwa katikati na kutiwa ndimu na chumvi (wa mama usitiwe pilipili, sema mapema maana mikono yao ni myepesi), madafu, kachiri za muhogo, na mabuyu mekundu ya watoto. Meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita karibu mno, kubwa kuliko majumba. Mkalisheni mama hapo, msimharakishe.

Dereva wa Tuktuk, Bamburi

Bint Kibokoni amemaliza kisiwa, mimi naongeza huku bara. Mkiwa Nyali, Haller Park iko karibu, na ndiyo siku ya watoto. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, jangwa tupu jeupe. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti, na mti uliokubali ni mvinje. Majani yake yakawa hayaozi, akaleta majongoo, wale wakubwa wenye miguu mekundu, wakayala na kuyageuza udongo. Leo ni msitu wenye twiga na kiboko. Mama mkulima huyo, mwonyesheni majongoo, ataelewa kuliko sisi sote.

Watoto wahadithieni habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo akamng'ang'ania kobe mzee aitwaye Mzee kama mama yake. Twiga hulishwa alasiri, ulizeni saa mnapoingia.

Tuktuk mnaingia watatu nyuma, mkiwa watano chukueni mbili. Bei mpatane kabla hamjapanda, dereva mwema hatakasirika kwa hilo.

Muuguzi wa Changamwe

Kaka, yote mazuri, ila naomba useme na mkeo kuhusu vyakula vya barabarani. Una mtoto wa miaka sita na mzazi mzee, na safari ni fupi. Kuharisha kwa usiku mmoja kunaweza kuwamalizia likizo. Mimi ningewapeleka kwenye mikahawa na kuacha vibanda. Maji kunyweni ya chupa iliyofungwa, na mchana mama anywe hata kama hasikii kiu, joto la huku lina unyevu na wazee hawalisikii linavyowakausha.

Bint Kibokoni

Dada yangu muuguzi, kwenye maji nakubaliana nawe kabisa. Kwenye vibanda siwezi kukubali vyote vikatazwe, kwa sababu ndipo kilipo chakula chetu chenyewe. Kuna namna ya kuchagua. Kinachotoka kwenye mafuta au makaa mbele ya macho yako, kile bado kina moto: viazi karai, bajia, mishikaki, muhogo, hivyo kula. Dafu hupasuliwa ukiona. Ninachowakataza hata wanangu ni matunda yaliyokatwa zamani, na juisi yenye barafu usiyojua imetoka wapi. Na ukiona pamejaa akina mama wa mtaa na watoto wao, hapo kaa.

Jioni moja mkitaka mezani, Tarboush kule Makadara panajulikana kwa mishikaki na kuku, na ni pa familia, hamtajiona wageni. Ule mlo mmoja wa bei uliousema, Tamarind iko Nyali hapo hapo mlipo, juu ya maji, na ng'ambo yake mnauona Mji wa Kale. Nendeni kabla jua halijazama, kwa sababu unalipia mandhari pia.

Kifungua Mimba wa Molo

Asanteni mno, na dada Bint shikamoo imefika, mama ameuliza wewe ni wa ukoo gani! Nimemsomea habari za majongoo akacheka sana.

Nimebaki na mambo mawili. Treni, ya asubuhi au ya usiku? Na bahari yenyewe: mama anataka aingize miguu majini. Ni saa ngapi maji huwa karibu? Binamu yangu alienda akakuta bahari imekwenda mbali, ni mchanga na mawe matupu.

Mvuvi wa Tudor

Nakujibu la bahari. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Kwa hiyo hakuna saa moja ya kukutajia. Jioni ya kufika muulizeni mlinzi wa nyumba au mvuvi yeyote, "Maji yajaa saa ngapi kesho?" Atawajibu bila kutazama kitu. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na hupwa sana. Siku hizo ndizo bahari huenda mbali kama alivyoona binamu yako.

Kwa mama, nenda maji yakiwa yameanza kupwa, kama saa moja hivi baada ya kujaa. Mchanga umelowa na ni mgumu, nyayo hazitadidimia, na maji yanarudi nyuma badala ya kumjia. Wimbi kubwa huvunjikia mwambani huko mbali, kwa hiyo ukingoni maji ni mapole. Agosti ni kusi, upepo upo na mwani huletwa ufukweni, usiogope, ni majani tu. Wote wavae ndara za kufunga nyuma, kuna mawe na miiba ya bahari. Watoto wasiachwe peke yao hata maji yakiwa ya magoti.

Mshike mikono yote miwili mara ya kwanza. Maji yakirudi huchukua mchanga chini ya nyayo, na mtu asiyezoea huona kama anaanguka.

Bint Kibokoni

Treni ni ya asubuhi, wala msifikirie mara mbili. Ya usiku mtapita Tsavo gizani, na mchana mara nyingi ndovu huonekana dirishani. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na watoto wako wote wawili ni nusu nauli. Kateni tiketi mapema, Agosti hujaa. Stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, na siku ya kurudi tokeni Nyali mkiwa na muda wa saa mbili mkononi, kwa sababu foleni na ukaguzi wa mizigo hauhurumii mtu.

Mkiwa na asubuhi ya ziada, mpeleke mama Mtaa wa Biashara, nyuma kidogo ya soko la Marikiti. Mnunulie leso. Huuzwa doti, mbili zilizoshikana, na mafundi wapo njiani huzikata na kuzipinda hapo hapo. Muuzaji mwambieni azifungue mama asome jina la kila moja, yaani msemo wake ulioandikwa, asiharakishwe, aichague mwenyewe ile imsemeayo. Marikiti kwenyewe nunueni iliki, mdalasini na pilau masala. Soko lile ni la 1914, sakafu huwa na maji, mama avae viatu visivyoteleza. Halua nunueni siku ya mwisho, ikiwa laini, mfungiwe kikapuni. Yafika Molo nzuri tu.

Ukoo wangu mwambie nitamtajia uso kwa uso. Mkifika Ndia Kuu mnitumie ujumbe humu, niwatoe barazani, mahamri ya siku hiyo ni yangu.