Naomba ushauri: kichujio cha polaraiza kwenye lenzi pana ya kamera ya panorama, Kilimanjaro ukiwa mbele

FremuNdefu aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninatumia Hasselblad XPan, kamera inayochukua filamu ya kawaida ya milimita 35 lakini ikatoa fremu ndefu ya milimita 24 kwa 65. Lenzi yangu ni ya milimita 45, na rafiki yangu amekubali kuniazima ya milimita 30 pamoja na kichujio chake cha katikati, yaani kile chenye giza katikati ili kusawazisha mwanga na kona za picha. Ninapanga kwenda Amboseli kuupiga Mlima Kilimanjaro kwa filamu ya slaidi, Velvia 50, ambayo haisamehe kosa la mwanga na ambayo nalazimika kuisafirisha mbali ili isafishwe.

Ninataka anga la buluu iliyokolea na theluji inayoonekana vizuri, na kwa sababu hiyo nimefikiria kununua kichujio cha polaraiza, yaani kioo kinachofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa ili kuzuia sehemu ya mwanga. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba katika picha kadhaa za panorama nilizoziona mtandaoni, anga lina doa kubwa la giza katikati huku pande zote mbili zikiwa zimepauka. Je, doa hilo linaepukika? Tena, kwa kuwa kitundu cha kuchungulia cha kamera hii hakipitii kwenye lenzi, nitajuaje kwamba kichujio nimekizungusha mahali panapofaa?

MamaTumaini alijibu:

Karibu, ndugu yangu. Kabla ya kuzungumzia kichujio, tuangalie jua litakuwa wapi, kwa sababu doa uliloliona linatokana na jua na wala si ubovu wa kioo.

Mwanga wa jua unapotawanywa na molekuli za hewa, sehemu yake hutoka ikiwa na mawimbi yaliyolala upande mmoja, na hiyo ndiyo sehemu ambayo polaraiza inaweza kuizuia. Sehemu hiyo ni kubwa zaidi katika eneo la anga lililo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, kisha hupungua unapolikaribia jua au unapogeukia upande ulio kinyume nalo. Kwa hiyo kichujio hakitii giza anga zima. Kinatia giza mkanda unaolizunguka anga, na ukitaka kuuona mkanda huo bila chombo chochote, elekeza kidole cha shahada kwenye jua, nyoosha kidole gumba kiwe pembe mraba nacho, kisha zungusha mkono: kila mahali gumba linapoelekea, ndipo giza litakapokuwa zito.

Sasa tazama hesabu ya lenzi zako. Ile ya milimita 45 huona takriban nyuzi 72 kwa mlalo, ya milimita 30 nyuzi 95 hivi, na kwa wenye lenzi ya milimita 90, nyuzi 40. Jua likiwa chini na wewe ukiwa umelielekezea bega, katika hewa safi kabisa nguvu ya kichujio kwenye ncha za fremu ya milimita 45 inakuwa karibu nusu ya ile ya katikati. Kwa milimita 30 inashuka hadi chini kidogo ya theluthi, lakini kwa milimita 90 hubaki karibu nne kwa tano, na jicho la mtazamaji halitaona tatizo.

Habari mbaya ni kwamba Amboseli ndipo mahali hasa pa kulipata doa hilo. Mlima uko kusini, ukiegemea mashariki kidogo. Mwezi Juni jua huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki, na Desemba kusini kidogo ya mashariki, kwa hiyo asubuhi ya mwezi wowote mkanda wa giza unaangukia upande wa kusini, nyuma ya kilele cha Kibo au jirani yake. Jioni nayo haitakuokoa, kwani jua likiwa magharibi mkanda unarudi palepale.

Mwambao_Tanga alijibu:

Nakubaliana na dada MamaTumaini, ila naomba niongeze jambo ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini havilitilii mkazo, na ambalo sisi tunaoishi karibu na ikweta tunapaswa kulifahamu kuliko wengine. Jua likiwa utosini, mkanda ulio nyuzi 90 kutoka kwake hushuka na kulala juu ya upeo wa macho, pande zote. Hapo hata lenzi pana hupata anga la kina kimoja toka ncha hadi ncha. Si lazima jua liwe utosini kabisa: likiwa limepanda nyuzi 60, ncha za fremu ya milimita 45 bado zinapata zaidi ya nne kwa tano ya nguvu ya katikati. Tahadhari yangu ni kwamba hewa yenye unyevu na vumbi hupunguza nguvu ya kichujio, hasa karibu na upeo wa macho, na kwa hiyo huku pwani matokeo ya saa sita mchana huwa hafifu, ingawa ni sawasawa. Kwenye nyanda za juu utayaona vizuri zaidi.

FremuNdefu aliandika:

Nawashukuru sana nyote wawili. Tatizo langu ni kwamba Kilimanjaro kwa kawaida huonekana alfajiri na asubuhi mapema, kisha mawingu huufunika hadi jioni. Nikingoja jua lipande, nitakuwa na anga zuri lisilo na mlima. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

MamaTumaini alijibu:

Mimi ningekiacha kichujio mfukoni. Nasema hivyo kwa uhakika, kwa sababu eneo la anga lililo nyuzi 90 kutoka kwenye jua tayari lina buluu iliyokolea kuliko mengine hata bila kichujio chochote, na Velvia kwa tabia yake huongeza kina cha rangi. Ukiiwekea polaraiza juu ya hayo, buluu inaelekea weusi, na theluji ya Kibo inaonekana kana kwamba imebandikwa.

Kama nafsi yako haitaridhika bila kukijaribu, basi usikizungushe hadi mwisho. Kizungushe nusu, ili tofauti kati ya katikati na pembeni ipungue, na uchague asubuhi yenye mawingu machache yaliyotawanyika. Mwanga wa mawingu hauzuiliki kwa namna ile, kwa hiyo yanabaki meupe, yanalikatakata anga, na jicho halipati nafasi ya kuufuata mkanda. Anga tupu la panorama ndilo linalofichua kila kitu.

Kuhusu lenzi ya milimita 30, sitakushauri hata kukizungusha nusu. Itakubidi ama uweke polaraiza juu ya kichujio cha katikati, na ukingo wake unaweza kuingia kwenye kona za picha, ama uondoe kichujio cha katikati, na kona ziwe na giza kwa sababu ya lenzi yenyewe.

FundiShata alijibu:

Naomba nijibu lile swali la kitundu cha kuchungulia, maana naona limesahaulika. Tafuta polaraiza yenye alama kwenye ukingo wake unaozunguka, au uweke nukta ndogo ya rangi nyeupe wewe mwenyewe. Ishike mbele ya jicho, upande wenye nyuzi za kufungia ukiwa umekuelekea, izungushe hadi uone unachokitaka, kisha angalia nukta imeelekea wapi, kwa mfano pale inapokuwa saa tatu kwenye uso wa saa. Ifunge kwenye lenzi na uirudishe nukta mahali palepale. Nasisitiza upande wa nyuzi kwa sababu polaraiza ya duara (aina yenye tabaka la ziada nyuma; jina halihusu umbo lake) ikishikwa kinyume haifanyi kazi mbele ya jicho, na mtu anaweza kudhani amenunua bandia. Kwa XPan polaraiza ya mstari, isiyo na tabaka hilo, inatosha, kwani kamera hiyo haina kioo cha kugawanya mwanga ambacho kingechanganywa nayo, na mara nyingi ya mstari ni nafuu.

Jambo la pili ni kipimo cha mwanga. XPan hupima kupitia lenzi, kwa hiyo hasara ya polaraiza, ambayo ni stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), inajirekebisha yenyewe. Hata hivyo kipimo chake huipa katikati ya fremu uzito zaidi. Mkanda wa giza ukiwa katikati, kipimo kitadhani mandhari ni ya giza na kitaongeza mwanga, na kwenye slaidi theluji itaungua isibaki hata alama. Ukiweka kichujio, pima kwenye nyasi zilizopigwa na jua, shikilia kipimo hicho, ndipo upange picha.

Kabla ya kuweka filamu, fungua mgongo wa kamera, weka shata kwenye B (hubaki wazi muda wote unapobonyeza) kamera ikiwa katika hali ya panorama, punguza tundu la lenzi hadi lile utakalotumia, kisha chungulia kutoka kila kona ya dirisha la filamu. Ukiliona tundu zima, ukingo wa kichujio hauingii kwenye picha. Ukiliona limekatwa, tafuta kichujio chenye ukingo mwembamba.

FremuNdefu aliandika:

Nimeelewa, nami nimeamua kuupiga mlima bila kichujio. Je, kuna mahali popote katika safari hiyo ambapo kitanifaa, au nisikinunue kabisa?

MamaTumaini alijibu:

Kinunue, kwa ajili ya kile kilicho chini ya upeo wa macho. Majani mabichi na nyasi zenye umande hufunikwa na mng'ao mweupe unaoficha rangi yake, na polaraiza huuondoa. Ukiinamisha kamera na kulitoa anga kwenye fremu, doa halina mahali pa kutokea. Kwenye vinamasi vya Amboseli, kumbuka kwamba mng'ao wa maji huondoka vizuri zaidi ukiyatazama kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wa maji, kwa hiyo maji yaliyo karibu yatakuwa angavu hadi ndani, ilhali ya mbali yatabaki yaking'aa. Katika fremu ndefu tofauti hiyo inapendeza, maana macho huanzia kwenye mimea iliyozama na kuishia kwenye maji yanayoakisi mwanga.

Ukirudi kupitia Usambara, kiweke tena ndani ya msitu baada ya mvua, chini ya wingu zito, bila kipande chochote cha anga. Hapo hata lenzi ya milimita 45 utaitumia kwa amani, ila chukua tripodi, kwa sababu Velvia 50 ikipoteza stopu mbili chini ya miti itakudai muda mrefu wa shata.