Sare ya chesi iliyokuuma zaidi: tupeane uzoefu

Wa Milimani, Nakuru: Jana usiku jirani amenishikilia sare nikiwa na ngome nzima zaidi yake. Malkia wake cheki huku, cheki kule, mfalme wangu hana pa kujificha. Sijalala. Nani mwingine yamemkuta?

Kijana wa Kondele: Umenikumbusha, wacha nimwage yote. Nje ya kinyozi hapa Kisumu nilicheza na mwalimu mmoja mstaafu, mimi na weupe. Mwishoni nina askofu wa miraba myeusi na askari wawili, mmoja safu ya a, mwingine katikati. Mzee ana farasi tu. Watu wamejaa, hata kinyozi kamwacha mteja na povu kidevuni. Mzee akamtosa farasi, akala askari wangu wa katikati! Nikamla farasi, nikashukuru Mungu. Kumbe ameshapiga hesabu: mfalme wake mbio hadi kona ya a8, akatulia. Kona hiyo ni nyeupe, askofu wangu haigusi kabisa. Nikimbana, hana pa kwenda na hajapigwa cheki: sare. Nikimwachia, anatoka na kurudi. Akasema tu, "Kijana, lete mkono." Inauma hadi leo.

Dada Kakamega: Hiyo ya kona nimeionja Muliro Gardens. Chungu jamani.

Mla Ngome: Mfalme akibaki peke yake ni hatua 16, basi, sare.

Sheria Kwanza: 16 umetoa wapi? FIDE, shirikisho la chesi duniani, ni hatua 50 kila upande, bila kete kuliwa wala askari kusogea. Kimoja kikitokea, unaanza kuhesabu upya.

Mla Ngome: Huku ni mtaani, ndugu.

Sheria Kwanza: Mtaani ndiko watu wanadhulumiwa.

Baba Njoro: Karpov na Kasparov walianza mechi ya ubingwa wa dunia 1984, michezo 48, sare 40, ikavunjwa 1985 bila mshindi. Msilie.

Dada Kakamega: Sisi tunamtaka mzee wa farasi!

Baba Njoro: Haya. Ukiwa mbele badilishaneni kete kubwa, lakini askari msibadilishane.

Mla Ngome: Wapi! Bila malkia utamfunga na nini? Mpe chai na mandazi, mfunge akisinzia.

Dada Kakamega: Wa Kondele, mzee bado anacheza? Nataka anifundishe.

Kijana wa Kondele: Kila Jumamosi jioni, kwa kinyozi yuleyule. Kuja na ubao wako, wake umepoteza farasi mmoja, tunaweka kifuniko cha soda.