Fangasi zinapona, zinarudi. Hii dawa ya tyubu ni feki?

mama_dagaa
Habari za jioni wapendwa. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Tangu masika nina duara kiunoni, pale ninapofungia kanga. Linawasha balaa, hasa jua likichachamaa na jasho likinitiririka. Duka la dawa wakanipa tyubu, wanaiita "tatu kwa moja". Nikipaka, siku ya pili muwasho kwisha, najiona nimepona. Nikiacha, linarudi na ndugu zake. Sasa limefika mapajani na hata lile umbo la duara halipo tena. Mwanangu wa darasa la pili naye ana mabaka kichwani, nywele zinakatika. Nimempaka hiyo hiyo. Naombeni dawa kali zaidi, hii nahisi ni feki.

Kijana wa Igoma
Dada, twanga kitunguu saumu, changanya na ndimu, paka ulale nacho. Mimi kilinisaidia.

tabibu_ngozi
Kijana, una bahati. Nimeshawapokea waliolala na kitunguu saumu wakaamka na malengelenge kama wamemwagikiwa uji wa moto. Fangasi palepale, kidonda juu yake.

Mama Dagaa, pole. Tyubu yako wala si feki. Ichukue usome yale maandishi madogo ubavuni. Ukiona betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi. Kazi yake ni kutuliza muwasho na wekundu, kwa hiyo siku ya pili unajiona mzima. Ila inatuliza kwa kuuzuia mwili usipambane, na fangasi wanapata nafasi ya kutambaa. Ndiyo maana duara limepoteza umbo. Sisi wenyewe wakati mwingine mgonjwa wa hivyo anatusumbua kumtambua, mpaka tukwangue magamba tukaangalie kwenye hadubini.

Acha hiyo tyubu. Na nakwambia mapema: ukiiacha, siku za mwanzo patawaka kuliko mwanzo. Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani kununua nyingine, na mzunguko unaanza upya. Vumilia. Tumia dawa ya fangasi tupu, clotrimazole asilimia 1, isiyochanganywa na kitu. Asubuhi na jioni, ngozi ikiwa imekauka. Usipake kwenye baka tu, vuka ukingo wake kama upana wa vidole viwili. Na pakishasafika, endelea wiki mbili nyingine. Najua hakuna anayependa kupaka dawa mahali pasipowasha, lakini wagonjwa wangu wengi "sugu" waliishia hapo tu, waliacha walipoona pamesafika.

Kwa kuwa eneo limeshakuwa kubwa, usijitibu peke yako muda mrefu. Nenda kituo cha afya, huenda ukahitaji vidonge. Wakupime na sukari, maana fangasi wa kujirudiarudia wakati mwingine ndio wanaoifichua.

Kanga ya kazini usilalie, wala usichangie taulo na mtoto. Fua, anika juani, piga pasi pindo zote.

mama_dagaa
Nimesoma, kweli imeandikwa betamethasone! Mapajani nimeanza kuona michirizi kama ya mimba, na mimba sina. Ni hiyo?

tabibu_ngozi
Inawezekana sana. Steroidi ikikaa muda mrefu kwenye mapaja na kwapa inachuja ngozi inakuwa nyembamba. Rangi ya michirizi itafifia, lakini yenyewe haifutiki kabisa, nisikudanganye. Ndiyo sababu nyingine ya kuiacha. Na usije ukaipaka usoni.

Mvuvi_Igombe
Doktari, mimi nikitoka ziwani kuvuta nyavu miguu inawasha, vinatoka vipele, kesho vimepotea. Nipake hiyo clotrimazole?

tabibu_ngozi
Hapana mzee wangu, hao si fangasi. Kwa maji yetu haya, yawezekana sana hao ni vijidudu vya kichocho wanaotoka kwenye konokono, wanaingia kwa kutoboa ngozi. Muwasho kuisha si kwamba wametoka. Nenda ukapime choo na mkojo, ukikutwa nacho dawa yake ni praziquantel ya kumeza.

mama_dagaa
Na mtoto je? Clotrimazole nimpake kichwani?

tabibu_ngozi
Kichwani krimu haitoshi, fangasi wamo ndani ya shina la unywele na krimu haifiki huko. Mapunye yanatibiwa kwa dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvin, kwa wiki kadhaa. Kipimo hufuata uzito wake, kwa hiyo lazima apimwe. Akishaandikiwa, anywe na chakula chenye mafuta au maziwa, inaingia mwilini vizuri zaidi. Ndugu zake wanaolala naye nao wakaguliwe vichwa. Kwa kinyozi asipelekwe kwanza. Na siku ya kwenda hospitali asipakwe chochote kichwani, hata mafuta ya nazi, ili wakitaka kukwangua wapate magamba makavu.

mama_dagaa
Asante sana doktari. Jumatatu nafunga meza, nampeleka.