Naomba ushauri: mkeka wa mchoraji na mwalimu wa hesabu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mchoraji, niko Wete, Pemba. Nashirikiana na mwalimu wa hesabu kutengeneza mkeka mkubwa wa kutundikwa ukutani. Kanionesha kwamba nakshi inayojirudia kwenye utepe, kama ukili wa kushonea mkeka, ina namna 7 tu za kujirudia, hazizidi. Nilivutiwa mno! Tukapanga kila namna iwe na ukili wake, miyaa ya zambarau na nyeupe, na bibi mmoja ndiye anayetusukia.

Tumekwama hapa: mimi nataka katikati nakshi ikatike, chane moja nyekundu ipite pasipotarajiwa. Mwenzangu anasema hapo hesabu imeharibika. Nimemtajia mchoraji Escher wa Uholanzi, aliyeandikiana barua na mwanahisabati Coxeter, kila mmoja akafaidika, lakini mwenzangu hajalainika. Tumesuka na vipande vya majaribio, bado hatuelewani.

Mliowahi kufanya kazi kama hii, mliamuaje pale kanuni na jicho vilipopingana? Na majina ya waliotengeneza huandikwaje? Kwangu mimi, jina la bibi msukaji lastahili kukaa sawa na yetu.