Waya Mrefu wa Chaja: Gumzo la Kikundi cha Ukoo, Mikindani

Mama Mdogo Mwanahawa, 18:42
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimewatumia picha ya plagi ya ekstensheni ambayo kaka Salumu huitumia kuchajia bajaji yake ya umeme pale chini ya mkorosho. Niliichomoa alfajiri ya leo, nilipoamka kwa ajili ya swala na kusikia harufu kama ya ndala inayoungua. Mguu mmoja umekuwa mweusi, na plastiki inayouzunguka imelegea kama nta. Soketi yenyewe iko katika chumba wanacholala wajukuu watatu. Issa mwanangu, wewe ndiye fundi umeme wetu, tuambie la kufanya.

Mjomba Salumu, 18:55
Wa alaykum salaam. Ni kweli, dada, na nimeshtuka kuliko unavyodhani. Chaja iliyokuja na bajaji ilihitaji usiku kucha, nikanunua ya haraka inayojaza betri kwa saa nne ili niwahi abiria wa asubuhi. Ekstensheni ni ya mita 20 iliyozungushwa kwenye gurudumu lake; navuta mita kama 12 kupitia dirishani, zilizobaki naziacha humohumo. Je, nikibadilisha plagi tu haitoshi?

Issa, 19:03
Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Mdogo. Kabla sijajibu, naomba mnisomee wati zilizoandikwa kwenye chaja na maandishi yaliyo ubavuni mwa waya. Plagi nayo, kwa kuwa imekwishachomolewa, ifunguliwe kwa bisibisi tuone ndani yake.

Mjomba Salumu, 19:20
Marahaba. Chaja imeandikwa wati 2,000, na waya umeandikwa 3 × 0.75.

Mama Mdogo Mwanahawa, 19:24
Marahaba mwanangu. Nimeifungua. Mahali pa fyuzi pana karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na nyuzi za shaba zimeota ukijani.

Mjomba Salumu, 19:27
Karatasi hiyo niliiweka mimi. Fyuzi iliyokuja nayo ilikuwa ya ampea 5, ikaungua. Nikaweka nyingine kama hiyo, nayo ikaungua.

Issa, 19:41
Mjomba, fyuzi zile mbili zilikuwa zinakwambia ukweli. Wati 2,000 kwa umeme wetu wa volti 230 ni karibu ampea 8.7, tena kwa saa nne mfululizo, ilhali aliyetengeneza ekstensheni ile aliikadiria ampea 5. Pasi huvuta umeme mwingi pia, lakini hukata na kuwaka, na baada ya nusu saa imezimwa; chaja ya haraka haimpi waya nafasi ya kupumua.

Waya wa unene huo, yaani nyaya tatu ndani, kila mmoja milimita 0.75 za mraba, wenye urefu wa mita 20, ukihesabu kwenda na kurudi, una ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kupita, wa takriban omu 1. Kwa mkondo wa chaja yako unatoa joto la karibu wati 79, sawa na balbu ya zamani, na sehemu ya joto hilo imefungiwa katika mizunguko iliyolaliana ambako halina pa kutokea. Ndiyo maana ekstensheni za gurudumu huandikwa viwango viwili, kimoja zikiwa zimefunguliwa zote na kingine, kilicho kidogo zaidi, zikiwa zimezungushwa. Tena joto haliongezeki sawasawa na mkondo: mkondo ukizidi maradufu, joto linakuwa mara nne.

Hata hivyo, kilichoungua kwako ni plagi, na mara nyingi huwa hivyo, kwa sababu waya una urefu wa kutawanyia joto lakini kiungo ni nukta moja. Hapo Mikindani hewa ya chumvi kutoka ghubani hula shaba. Ukijani alioukuta Mama Mdogo huongeza ukinzani palepale nyuzi zinapobanwa na skrubu. Pakipata moto panalegea, pakilegea panapata moto zaidi. Soketi ya ukutani iliyobeba plagi hiyo nayo isitumike tena hata kwa redio mpaka niibadilishe.

Rashidi, 20:10
Shikamooni wakubwa wangu. Kaka Issa, umeniingiza wasiwasi. Huku Uingereza tundu la kuchajia la gari langu liko nyuma, na katika vituo vya kuchaji kwa kasi kebo mara nyingi haifiki. Nimeona mtandaoni ekstensheni ya mita 5 ya chaja hizo, muuzaji anasema inabeba ampea 200, na nilikuwa nimekwishaiweka kwenye oda. Ikiwa ni nene na imara, kuna ubaya gani?

Issa, 20:34
Rashidi, ifute oda hiyo leo. Kiwango cha kimataifa cha kuchajia magari ya umeme, IEC 61851-1, hakiruhusu kuunganisha ekstensheni kati ya gari na chaja, na sababu zake ni za msingi.

Chaja ya kilowati 50 ikilisha betri ya volti 400 inapitisha ampea 125, yaani zaidi ya mara 14 ya chaja ya Mjomba. Kiungo kilekile kilichounguza plagi yake kingetoa joto zaidi ya mara 200. Kwa hiyo kebo za chaja hizo huwekwa vipimajoto kwenye kichwa chake, na zile zenye nguvu kubwa sana hupitishiwa kimiminika cha kupoza ndani. Ukiongeza kipande chako, kiungo kipya cha katikati hakina anayekipima: chaja inaona kichwa chake kimepoa, gari linaona tundu lake limepoa, na kati yao kuna mahali panapoungua.

La pili ndilo linalonitisha zaidi. Umeme wa nyumbani hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, na hilo husaidia cheche kuzimika. Umeme unaoingia moja kwa moja kwenye betri haushuki, hivyo ukitenganisha viungo ukiwa unapita, cheche inaendelea kuwaka kama ya fundi wa kuchomelea, mkononi mwako. Gari hufunga plagi kwa kufuli mpaka mkondo ukome. Kiungo cha katikati kinaweza kuvutwa na mtoto au kukanyagwa na tairi.

Rashidi, 20:49
Nimeifuta. Basi nitaingia kwa kinyumenyume, au nisubiri nafasi ambayo kebo inafika bila kuvutwa. Lakini kwa zile nguzo za mtaani za umeme wa kawaida, ambazo kila dereva huja na kebo yake, yangu ya mita 5 nayo haitoshi.

Issa, 20:55
Kwa hizo nunua kebo moja ya mita 10 iliyo nzima, yenye kiwango cha ampea 32 ikiwa gari lako linachaji kwa kilowati 7. Urefu si dhambi ukipewa unene unaostahili. Kinachokatazwa ni kuunga.

Mama Mdogo Mwanahawa, 21:02
Na wapita njia je? Hapa kwetu juzi bibi alijikwaa kwenye waya wa Salumu gizani, akashikilia mlango.

Rashidi, 21:06
Mama Mdogo, hata huku mwongozo wa barabarani uliorekebishwa mwaka 2022 unatushauri tuegeshe karibu na chaja, ili kebo isiwe mtego kwa waenda kwa miguu.

Mjomba Salumu, 21:15
Nimewaelewa, na bibi nimekwenda kumwomba radhi. Issa, abiria wangu siwezi kuwaacha. Nifanyeje?

Issa, 21:28
Mjomba, tutavuta laini ya pekee kutoka main swichi hadi nje: waya wa milimita 2.5 za mraba ndani ya bomba, breka yake yenyewe, kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30, ethi iliyopimwa, na soketi ya nje yenye kifuniko cha mvua. Waya huo, hata ukiwa na mita 20 zilezile, hutoa joto la wati 24 tu kwa mkondo huohuo. Na bajaji isogezwe ukutani, chaja iingie kwenye soketi bila ekstensheni yoyote. Mkorosho una kivuli kizuri mchana, usiku hauhitaji.

Mjomba Salumu, 21:33
Nimepima kwa hatua, kutoka main swichi hadi ukuta wa nje ni kama mita 9.

Issa, 21:36
Pima tena kwa futi kamba kesho unitumie, nami nitakuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Usiku wa leo na wa kesho, peleka betri kwa jirani mwenye soketi nzima, tena kwa chaja ile ya polepole.

Mama Mdogo Mwanahawa, 21:40
Ekstensheni nimeikata plagi kwa mkasi, ili asije mtu akaiokota na kuitumia.