Nifasi na moyo mzito: mzazi ashike adhkari zipi?

Ummu Hafswa:
Assalaam alaykum warahmatullah. Mzazi akiwa kwenye nifasi, yaani damu ya baada ya kujifungua, haswali wala hafungi, na wengi huona kama mlango wa ibada umefungwa, basi huzuni inazidi. Ashikamane na adhkari zipi (maneno ya kumtaja Mola), kwa kiasi gani, ilhali mtoto anaamka kila baada ya saa mbili? Na tutajuaje kwamba huzuni imevuka kiasi cha kutibiwa kwa dhikri peke yake?

Mwalimu wa Chuoni:
Wa alaykum salaam warahmatullah. Tuanze na damu yenyewe, maana hapo ndipo kosa hutokea. Siku 40 ndiyo kawaida ya wengi, si muda wa kungojea. Damu ikikatika siku ya 12, anaoga na kuswali. Kipimo ni pamba safi: akiiingiza itoke haina wekundu, umanjano wala rangi ya udongo. Ukomo kwa madhehebu ya Shafi ni siku 60, kwa Hanafi na Hanbali 40. Inayozidi hapo ni istihadha, damu isiyozuia swala: anajisafisha, anavaa pedi, anatawadha kila unapoingia wakati wa faradhi, na anaswali. Wapo wanaokaa wiki kadhaa bila swala na hali wameshatwahirika, kwa sababu tu hawakuelezwa.

Swala za nifasi hazilipwi. Funga za Ramadhani ndizo zinazolipwa. Aambiwe hivyo siku ya kwanza, asijirundikie deni ambalo Mola hakumwandikia.

Adhkari ziwe chache. Akilala: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Mtume (s.a.w.) alimfundisha haya binti yake Bi Fatima alipolalamikia mikono yake iliyoumizwa na jiwe la kusagia, kwa hiyo ni dhikri iliyokuja kwa mwanamke aliyechoshwa na kazi za nyumbani. Ayatul Kursi, Ikhlas, Falaq na Nas anaweza kuzisema kwa nia ya dhikri na kinga, si tilawa (kisomo cha Qur'ani); wafuasi wa Shafi wanaruhusu. Kusikiliza Qur'ani hakuna kizuizi chochote. Kwenye kunyonyesha kwa usiku atosheke na "Allahumma inni a'udhu bika minal hammi wal hazan" (Ewe Mola, najikinga kwako na wasiwasi na huzuni) mara tatu.

Kinachoharibu ni kujipangia uradi wa nusu saa. Siku ya tatu unakatika, na mtu anajiona mkosefu zaidi kuliko mwanzo. Kila dhikri ifungwe kwenye kazi ambayo tayari anaifanya.

Mkunga:
Swali la pili nalichukua mimi. Kondo la nyuma likishatoka, homoni hushuka ghafla. Kulialia na kukasirika upesi huanza siku ya pili au ya tatu, na huisha ndani ya wiki mbili. Kukipita wiki mbili, moyo bado mzito, hana hamu ya chochote au halali hata mtoto akilala, hiyo yaelekea ni sonona, na sonona ni ugonjwa. Kliniki kuna dodoso la Edinburgh, maswali 10, alama 0 hadi 30. Kuanzia 13 sonona inashukiwa sana. Swali la 10 linahusu kujidhuru: jibu lolote lisilo "kamwe" linashughulikiwa siku hiyohiyo, hata jumla ikiwa ndogo. Dawa zinazotumika na mama anayenyonyesha zipo, sertraline mojawapo. Amwambie daktari kwamba ananyonyesha, na asiziache mwenyewe akipata nafuu.

Akisikia sauti, akikesha bila kuona uchovu, au akisema mtoto si wake, ni dharura: hospitali sasa hivi, na asiachwe peke yake na mtoto. Msipoteze siku kwa kisomo kwanza. Atasomewa hukohuko wodini.

Ummu Hafswa:
Jazakumullahu khayran. Na wakwe wakisema ni udhaifu wa imani?

Mwalimu wa Chuoni:
Wasomewe Sura Maryam, aya ya 23 hadi 26. Bi Maryam, mbora wa wanawake, uchungu ulimfikisha kutamani angekufa kabla ya hayo. Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji na tende mbivu, akaamriwa ale, anywe na atulize jicho, kisha asiseme na mtu siku hiyo. Chakula, maji, utulivu, na ruhusa ya kutowajibu watu.

Mkunga:
Na usingizi, mwalimu. Saa nne au tano mfululizo kila usiku: anyonyeshe, kisha mtu mwingine ambebe mtoto, ambadilishe nepi na kumbembeleza mpaka zamu ifuatayo. Baba anaiweza kazi hiyo vizuri tu.