Kikundi cha familia ya Bibi Mwajuma, Ujiji: suala la chujio

Zuhura, saa 1:05 asubuhi
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Narudia ujumbe wangu wa juzi kwa kuwa waliojibu ni wawili tu, na mmoja wao alituma kidole gumba. Yule muuzaji wa mashine za kuchujia maji atarudi kwa Bibi Ijumaa kuchukua malipo ya awali. Naomba leo tuamue tunanunua chombo gani na nani anatoa kiasi gani.

Idrisa (Arusha), saa 1:40 asubuhi
Mimi nasema mashine ichukuliwe. Nyumbani kwangu ninayo ya RO, ile inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi, na sijutii. Bibi mwenyewe ameniambia kwamba yule kijana alitumbukiza vyuma vya umeme kwenye bilauri mbili, na ile ya maji ya bomba ikageuka rangi ya kutu mbele ya macho yake, huku ya mashine ikibaki nyeupe. Mnataka ushahidi gani tena?

Hamisi, saa 1:52 asubuhi
Samaki wa ziwani, migebuka, wanayanywa maji hayo hayo tangu enzi na sijasikia hata mmoja akilalamika.

Zuhura, saa 1:53 asubuhi
Kaka Hamisi, tafadhali. Rehema, wewe unafanya kazi ya maabara, tueleze.

Shemeji Masanja (Tabora), saa 3:20 asubuhi
Sisi tumeletewa maji ya Ziwa Victoria kwa bomba hadi Tabora, nanyi mna ziwa mlangoni lakini mnababaishwa na bilauri mbili!

Hamisi, saa 3:22 asubuhi
Shemeji, wewe tuletee asali, habari za maji tuachie wenyewe.

Rehema, saa 6:31 mchana
Samahanini, nilikuwa kazini. Kutu ile haikutoka kwenye maji, imetoka kwenye vyuma vyenyewe. Maji yoyote yenye chumvichumvi hupitisha umeme, umeme ukipita hula chuma, na chuma kinacholiwa hutoa kutu; maji ya mashine yameondolewa chumvi karibu zote, ndiyo maana hayakubadilika. Hata kile kipimo cha namba alichoonyesha muuzaji hupima chumvi zilizoyeyuka tu, hakioni kijidudu hata kimoja. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi kwa asili yake, na ule ukoko mweupe ndani ya birika la Bibi ndiyo madini hayo, si sumu.

Idrisa, mdogo wangu, wewe una sababu yako. Maji ya maeneo mengi ya Arusha yana floraidi kupita kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na floraidi haiondoki kwa kuchemsha, kwa hiyo RO kwako ina kazi ya kufanya. Kwa Bibi shida ni nyingine kabisa. Maji hukatika, na bomba likiwa tupu huweza kunyonya uchafu wa ardhini kupitia mahali palipotoboka, kisha yakirudi, ya kwanza huja na tope. Mashine ya RO inahitaji msukumo wa maji ambao Ujiji haupatikani kila siku, nyingi zinahitaji na umeme, na humwaga maji mengi kuliko yale inayotoa ya kunywa.

Zuhura, saa 6:40 mchana
Sasa tununue nini? Nataka jibu moja.

Rehema, saa 6:58 mchana
Ndoo mbili zilizopandana, zenye mshumaa wa kauri katikati (kichujio cha udongo chenye umbo la mshumaa) na koki chini. Kauri nzuri huzuia tope, bakteria wakiwamo wa kipindupindu, na vijidudu vya amiba. Virusi ni vidogo mno na vingine hupita, kwa hiyo maji yachemshwe kwanza hadi yatokote kweli kwa dakika 1, yapoe, ndipo yamiminwe juu. Chujio la mkaa peke yake msilinunue: linaondoa ladha na harufu ya klorini, lakini si kinga ya vijidudu.

Kuna jambo la dawa ya maji pia. Maji ya ziwa letu ni ya alikali, pH yake (kipimo cha asidi na alikali) hukaribia 9, na klorini hufanya kazi kwa ulegevu pH inapozidi 8. Kwa hiyo siku Bibi akikosa mkaa wa kuchemshia akatia kidonge, asubiri zaidi ya ile nusu saa iliyoandikwa kwenye pakiti.

Tena wajukuu wa pale wanachota kwa kikombe na vidole vyote vinazama ndani. Nilimwona mmoja ametoka kuchezea dagaa mbichi, akachota, akanywa, akakirudisha kikombe ndani ya ndoo. Bila koki, chujio lolote tutakalonunua ni bure.

Idrisa, saa 7:15 mchana
Nimeelewa, ingawa bado naona mashine ni heshima zaidi kwa Bibi.

Zuhura, saa 7:20 mchana
Basi ni ndoo na mishumaa miwili, mmoja uwe akiba, maana ukipata ufa mwembamba kama unywele haufai tena. Mchango ni elfu ishirini kila nyumba, mwisho kesho saa 12 jioni, na nitaandika majina ya waliotoa hapa hapa.

Mama Mdogo Tausi, saa 10:02 jioni
Kabla ya mchango mpya, ningependa kujua mchango wa lile tanki uliishia wapi.

Hamisi, saa 10:05 jioni
Tanki lipo kwangu Gungu kwa sababu ambazo wote mnazijua.

Mama Mdogo Tausi, saa 10:06 jioni
Tunazijua, ndiyo maana tunauliza.

Hamisi, saa 10:09 jioni
Ujumbe huu umefutwa.

Zuhura, saa 10:10 jioni
Jamani, leo tunazungumzia chujio.

Baba Mkubwa Issa, saa 12:47 jioni
Nimesomewa yote. Mashine isiingie nyumba ile. Mama yetu hawezi kungoja umeme urudi ndipo anywe maji. Nunueni chombo atakachokiosha kwa mikono yake mwenyewe. Huyo muuzaji nitampokea mimi Ijumaa. Na wewe Hamisi, tanki lile lilichangwa kwa jina la marehemu baba yako. Maji yakikatika siku tatu, hicho chujio mtakiwekea nini? Sitalisema jambo hili mara ya pili.

Zuhura, saa 2:30 usiku
Shikamoo Baba Mkubwa, tumekusikia. Mpaka sasa wametoa Rehema na Shemeji Masanja.

Hamisi, saa 4:11 usiku
Nimekusikia, Baba Mkubwa. Tanki litahitaji kuoshwa kabla ya kutiwa maji, na kulifikisha Ujiji kunahitaji gari.

Zuhura, saa 4:12 usiku
Gari la nani, na siku gani?

Idrisa (Arusha), saa 4:50 usiku
Nitatuma zangu mwisho wa mwezi.

Zuhura, saa 12:58 asubuhi
Kaka Hamisi, nimeona umesoma. Gari la nani, na siku gani?